Cheti cha Mselem

Marehemu mume wangu, Mselem, Waswahili wa Birmingham walimwita Injinia. Kwa miaka kumi na minane alitengeneza mabasi gereji, na kila akirudi nyumbani kwetu Acocks Green alikuta watu wameshamletea cherehani, mashine za kufulia, hata kiti cha magurudumu cha mama wa mtu. Hakumrudisha yeyote. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, tulitundika cheti chake cha Ujerumani katika fremu ya rangi ya dhahabu. Wageni walikitazama kwa heshima. Aliyeweza kukisoma, ukimtoa yeye mwenyewe, ni mimi peke yangu, niliyesomea uuguzi Magdeburg, huko huko Ujerumani, nikahitimu, na sikuwahi kumsomea mtu.

Mselem alipelekwa Leipzig, Ujerumani Mashariki, mwaka 1981, akiwa na miaka ishirini, kusomea mitambo. Bwenini alikaa chumba kimoja na Hafidh, mtoto wa jirani yao mtaa wa Malindi, Unguja. Wakati ule dunia ilikuwa na wakubwa wawili, Mmarekani na Mrusi, kila mmoja na mabomu ya kutosha kutumaliza sote, na Ujerumani imekatwa vipande viwili katikati yao. Mwishoni mwa 1983 Wamarekani walianza kuweka makombora mapya upande wa magharibi, na Warusi wakatangaza kuwa watajibu kwa kuweka yao mashariki. Wanafunzi wakafundishwa kukimbilia handakini king'ora kikilia. Kila mgeni akatazamwa kwa jicho la shaka.

Hafidh alikuwa na redio ndogo ya kusikilizia idhaa za magharibi. Desemba ile redio ikakamatwa, naye ndani ya siku tatu akarudishwa Unguja. Hakukaa sana, akahamia Maskati, na popote alipokwenda alisema kwamba aliyemuuza ni Mselem.

Mselem alirudi miezi michache baadaye, kimya kimya. Wazee wake wakasema amemaliza masomo mapema. Nilipoolewa naye mwaka 1986 nilikiona kile cheti, nikajua kuwa hakumaliza. Nilimuuliza mara moja tu kilichotokea. Akasema, "Tulikosana na wale watu, basi." Nikayashika maneno ya wazee wake na kuyaendeleza, maana mtu hawezi kuishi bila jina.

Mwaka uliofuata redio ilitangaza kwamba wakubwa wale wawili wametia saini kuyaharibu makombora yale. Mselem akaizima. "Leo wanayakata kama vyuma chakavu," akasema. "Na miaka yangu nani atanirudishia?" Ukuta wa Berlin ulipovunjwa mwaka 1989 aliendelea na kazi yake. Dola ya Kirusi iliposambaratika miaka miwili baadaye, alikuwa chini ya gari la mtu, hakutoka hata kusikiliza.

Alifariki mwaka 2017. Mwaka 2019 binti yetu Maisara akapendana na Khalfan, mtoto wa Hafidh. Hafidh naye kwa miaka mingi alikuwa hapa hapa Birmingham, mtaa wa Lozells, akitupa salamu msikitini na kupita. Hafidh hakuja kuposa. Alimtuma dada yake, Mumina, aje kuniambia kwamba hawezi kumchukulia mwanawe mke katika nyumba ya mpelelezi.

Berlin kuna ofisi inayotunza majalada yaliyoandikwa na watu wa usalama wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na mjane anaruhusiwa kuomba la mumewe. Niliomba. Bahasha ikafika Novemba, wiki ambayo televisheni zote zilionyesha miaka thelathini ya kuvunjwa kwa ule ukuta. Sikuifungua. Niliwaita Hafidh na dadaye siku ya Jumapili, wamuone Maisara akiifungua mbele yao, asije mtu akasema nimechomoa ukurasa.

"Na tutajuaje kama unachotusomea ndicho kilichoandikwa?" Mumina akauliza.

Maisara akaielekeza simu yake ili ifasiri. Zilikuwa nakala hafifu za maandishi ya mkono, simu ikatoa upuuzi mtupu. Hafidh akasema Kijerumani chake kimeshamtoka, akamwambia dada yake anyamaze. "Soma, Bi Mize."

Ukurasa wa kwanza ulisema habari ya redio ilitoka kwa msimamizi wa bweni. Nikashusha pumzi. Mumina hakuridhika.

"Na msimamizi aliambiwa na nani?"

Nikafunua ukurasa wa pili, nikausoma kwanza kwa macho. Jibu lilikuwapo. Lakini lilikuwa ndani ya aya moja na jambo nililolificha miaka thelathini na tatu, na huwezi kulisoma moja ukaliacha jingine. Maisara alikuwa akinitazama usoni.

Nikasoma. "Msimamizi aliisikia redio mwenyewe alipopita mlangoni. Mwanafunzi Mselem anasema redio iliwekwa juu ya kitanda chake, kwa sababu hapo dirishani ndipo ilipokuwa ikishika, na kwamba yeye pia aliisikiliza kila siku. Ameitwa mara tatu atie saini ya kutuletea habari za wenzake. Mara tatu amekataa. Hafai. Aondolewe chuoni akiwa mwaka wa tatu, bila shahada."

Kisha Hafidh akainua macho ukutani.

"Na kile?"

Nilipanda juu ya kiti, nikakishusha mwenyewe, nikakisoma chote kama nilivyosoma jalada. Kozi ya lugha ya Kijerumani, miezi kumi. Daraja, nzuri.

"Nzuri?" Hafidh akauliza.

"Nzuri."

"Mimi nilipata ya kuridhisha. Na yeye ndiye aliyekuwa akinifanyia mazoezi." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaendelea kuifuta. "Antena ilikuwa ikimchoma ubavuni. Hakuwahi kulalamika."

Kisha akamwambia dada yake aitoe barua ya posa; kumbe Mumina alikuja nayo mkobani.

Kadi za harusi niliziandika mimi. Mumina alitaka tuweke Injinia kama watu walivyozoea. Nilikataa. Niliandika: Maisara, binti wa marehemu Mselem.