Viwavi Walioga Sabuni

Mwaka ule sabuni ilipoadimika Kampala, mimi nilifua kwa majani ya mpapai, na viwavi wangu wakaoga sabuni ya kunyolea ndevu ya mume wangu.

Nieleze, nisije nikaonekana mwendawazimu. Nilikuwa na matuta ya sukuma kwenye kinamasi chini ya kilima cha Kyambogo. Nilitandika mafunjo juu ya migomba iliyokatwa, nikamwaga tope juu yake, na maji yalipopanda shamba likaelea. Wadudu nao hawakuzama. Dawa ya dukani hakuna, maana duka lenyewe lilibaki rafu tupu, kwa hiyo nilichemsha pilipili na tumbaku. Lakini bila povu, dawa huteleza kwenye jani. Ilibidi nikwangue kile kipande cha sabuni ya mume wangu, na kila nilipokwangua niliumia. Askari walimkamata kazini kwake tangu masika, na hakuna aliyeniambia yuko wapi. Nilitaka arudi aikute sabuni yake.

Siku moja askari aliliona povu kutoka barabarani, akashuka hadi matutani, buti zikizama. Wakati ule mwenye sabuni alikuwa mtu wa magendo, na mtu wa magendo hakusubirishwa kesi. Nilimweleza habari ya viwavi. Alimtazama kiwavi mmoja kwa muda mrefu, akaona wivu waziwazi.

"Wewe mama," alisema, "dudu naoga sabuni, mimi askari naoga majani?"

Kisha akavua kofia. Kumbe kambini chawa walikuwa wamewashinda. Aliniamuru nimtie dawa. Nikamwambia afumbe macho, kuna pilipili humo. Akajibu kwamba askari hafumbi macho mbele ya raia.

Basi nikachovya fagio la nyasi, nikamnyunyizia kama padri. Pilipili ikamwingia machoni. Alinipa bunduki nimshikie, akapiga magoti kupapasa maji. Nikawa nimesimama juu ya shamba linaloelea, fagio mkono huu, bunduki mkono ule, na serikali nzima iko miguuni pangu ikiniomba niioshe macho. Niliiosha. Ujasiri niliokuwa nao ulitosha swali moja tu.

"Afande, mume wangu mmempeleka wapi?"

"Hiyo si kazi yangu, mama," akasema, machozi yakimtiririka. "Mimi ni wa barabara tu."

Jumamosi alirudi na wenzake wawili na mche mzima wa sabuni. Wakapanga foleni tutani, kofia mkononi, macho wameyafumba kabisa. Nilipokuwa nikiwanyunyizia, niliwauliza swali lilelile mmoja mmoja. Hakuna aliyefumbua macho.

Sukuma zilistawi sana mwaka ule. Kile kipande nilikirudisha kwenye kisahani chake, kando ya wembe, na sikukikwangua tena. Kilikauka, kikapasuka katikati, nami bado nilikuwa nakipangusa vumbi.