Mgonjwa Niliyemuombea Bila Kumtaja

Kuna nyumba moja hapa mtaani kwetu Mafinga ambayo mpaka leo nikipita mbele yake naangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano, na ninyi mnaonifahamu mnajua mimi si mtu wa kuangalia chini. Ni nyumba ya Mama Tumaini. Pale uani kwake, mbele ya watu wasiopungua thelathini, nilipata aibu ambayo sijui nitaifua kwa sabuni gani, na hakuna aliyeniaibisha, nilijiaibisha mwenyewe, tena kwa sala. (Wenzangu wanaaibika kwa pombe au kwa umbea. Mimi kwa sala.)

Nianzie shingoni, maana ndiko yalikoanzia. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa sita, baridi yetu imeshaanza kukaza, nilikuwa namjaribisha mteja gauni, tumesimama wote wawili mbele ya kioo, nikameza mate, nikaona kitu kinapanda na kushuka shingoni mwangu upande wa kulia, kama kile kiazi kidogo ambacho wavunaji hukiacha shambani. Sikushtuka sana. Bibi yangu kule Kalenga alikuwa na rovu kubwa shingoni, alizeeka nalo, sisi wajukuu tulikuwa tunalishikashika tukiwa mapajani mwake, na hakuna aliyewahi kuliita ugonjwa. Lakini zahanati waliponitazama wakaniandikia barua ya kwenda Mbeya, na Mbeya wakanipiga picha ya shingo, wakachoma sindano kwenye kile kivimbe wakavuta walichovuta, na daktari, kijana mpole wa kumzaa mwenyewe, akaniambia, "Mama, sitakudanganya. Inaweza kuwa uvimbe wa kawaida na inaweza kuwa saratani. Maabara wakishasoma tutakupigia simu, kama wiki tatu hivi."

Wiki tatu anazitamka mtu kwa sekunde moja.

Mume wangu, Baba Neema, anafanya kazi kiwanda cha mbao, ni mtu wa maneno machache. Alimuuguza mama yake saratani humu humu ndani mwetu mpaka mama alipofariki, na baada ya msiba ule alikaa mwaka mzima anarudi kazini, anakula, analala, hata habari za watoto haulizi. Nikajiapiza kwamba neno lile halitaingia tena nyumbani kwangu mpaka lilazimike. Kwa hiyo nilikuwa nimemwambia naenda Mbeya kununua vitambaa soko la Mwanjelwa, na ili uongo uwe na miguu nikavinunua kweli, vitenge sita ambavyo sikuwa na haja navyo. Shingoni nikafunga skafu. Kwa baridi ya Mafinga nani atauliza skafu?

Nikaanza kusubiri. Jamani, kusubiri ni kazi, tena haina Jumapili. Kila asubuhi Baba Neema akitoka tu, nachukua futi yangu ya cherehani najipima shingo. Sentimita thelathini na nne. Kesho yake thelathini na nne na nusu, nakaa chini, napima tena, thelathini na nne. Nilimeza mate mpaka koo likakauka, nikiangalia kama kimekua. Sare ya kwaya nilishona mikono yote miwili ya kushoto. Simu ikiita naipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, kumbe ni mteja anaulizia sketi, namjibu kwa ukali mpaka anakata.

Sasa ndiyo nifike kwenye uamuzi mdogo ulioniletea aibu ile. Kila Jumamosi alfajiri jumuiya yetu ndogo ndogo inasali nyumba kwa nyumba, na mnajua kuna ile sehemu ya nia, kila mmoja anataja anachoombea na wote tunaitikia. Wiki ya pili ya kusubiri, zamu ikanifikia, na moyo ulikuwa umejaa mpaka hapa. Nikaona nikinyamaza nitapasuka na nikisema Baba Neema yupo, amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nikatafuta njia ya katikati. Nikasema, "Namuombea mwenzetu mmoja wa jumuiya hii, anasubiri majibu ya kipimo cha shingo kutoka Mbeya, Mungu amtie nguvu." Ningeweza kusema ni shangazi yangu wa Iringa na mambo yakaishia pale. Lakini niliona siwezi kumdanganya Mungu asubuhi yote ile. (Kumdanganya mume niliweza. Fikirieni wenyewe.)

Wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie," nikajisikia mwepesi kidogo. Wepesi wenyewe haukufika hata dakika kumi. Mwenyekiti wetu ni Mzee Mgaya, mwalimu mstaafu, haachi jambo lipite bila kulisahihisha. Sala ilipoisha akasimama, akasema, "Ndugu zangu, tuna mgonjwa ndani ya jumuiya na hatumjui. Hii ni aibu yetu."

Basi wakaanza kutafuta. Nani hayupo? Mama Tumaini hayupo, Jumamosi ya tatu hii. Mmoja akasema alimwona akipanda basi la Mbeya, na amerudi juzi tu. Mwingine akasema naam, na amekonda, na siku hizi skafu haimtoki shingoni. Mimi nilijua vizuri Mama Tumaini alifuata nini Mbeya, bintiye Tumaini alikuwa amejifungua huko, nilijua kwa sababu magauni mapana ya mimba niliyashona mimi, ila mwenyewe si mtu wa kutangaza mambo ya mwanawe. Nilijua, na nilikuwa na ulimi. Mama mmoja akasema, "Tusimlazimishe Mama Neema, ameaminiwa siri," na wote wakaniangalia kwa heshima, nami nikainamisha kichwa. Kichwa kile ndicho kilichoniponza, maana wao walikisoma kama ndiyo.

Jumapili baada ya misa tukaondoka watu kumi na wawili kwenda kumpa pole. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kulikuwa na mchele, mimi nimebeba sabuni, Baba Neema amebeba sukari kilo mbili kifuani. Njiani nilijiambia nitasema tukifika kwenye mashine ya kusaga. Tukaipita. Nikasema basi, kwenye ule mti wa msonobari uliokatwa. Tukaupita nao. Mzee Mgaya alikuwa ametuambia tusiimbe tusije tukamchosha mgonjwa, kwa hiyo tulikwenda kimya, wanawake tumejifunga vitenge, yeye mbele na fimbo yake.

Sasa wenzangu, kwetu huku habari ya kifo haipigiwi simu. Inaletwa kwa miguu, na watu wengi, wamenyamaza, mzee mbele.

Mama Tumaini alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Akainua macho, akatuona tunaingia, na ungo ukamtoka mikononi. Akasimama katikati ya maharage akauliza, taratibu kabisa, "Ni Tumaini, au ni mtoto?"

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Mzee Mgaya akadhani ugonjwa umempanda kichwani, akatumia sauti yake ya upole, akasema, "Mama, kaa chini kwanza."

Akaachia yowe. Sijawahi kusikia yowe la namna ile na naomba nisilisikie tena. Akaanguka chini analia jina la mwanawe, majirani wakaja mbio kutoka pande zote, na wanawake wakaanza kulia naye kabla hata ya kuuliza aliyekufa ni nani, wanaume wakavua kofia, mmoja akatoa benchi nje, mwingine nikamwona anakusanya kuni za kukokea moto wa kilioni. Mimi nilikuwa nasema, "Hajafa mtu, hajafa mtu," lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa na blanketi, na sabuni bado nimeikumbatia.

Aliyemtuliza ni mume wangu. Alipiga magoti, akamshika mabega, akamwambia, "Mama Tumaini, nisikilize. Hakuna aliyekufa. Wanao wazima. Tumekuja kwa ajili yako, kwa huo ugonjwa wako."

Mama Tumaini akajifuta uso kwa kiganja. "Ugonjwa gani?"

"Wa shingo."

Akavuta skafu yake akaitupa. "Hii shingo ina nini?"

Haikuwa na kitu. Lakini Mzee Mgaya hakukubali kushindwa upesi hivyo, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, mama, sisi ni ndugu zako. Na hapo Baba Neema, ambaye kwenye vikao haongei mpaka aulizwe, akaongea. Alisema, "Mama yangu mzazi alituficha. Alijua miezi minane, anatuambia ni tumbo tu. Alipokuja kusema, hospitali wakasema tumechelewa. Watu wanadhani mwaka ule nilikuwa nalilia kifo. Kifo kila mtu atakufa. Nilikuwa najiuliza nilimkosea nini hata asiniamini. Usimfanyie mtu wako hivyo, Mama Tumaini. Inauma kuliko ugonjwa."

Miaka kumi na minne nimeishi na mwanamume huyu. Yale maneno niliyasikia kwa mara ya kwanza siku ile, uani kwa watu, akimwambia mwanamke mwingine, na yalikuwa yangu.

Mama Tumaini akasimama. "Nani aliyewaambia mimi naumwa?"

Hakuna aliyenitaja. Waligeuka tu, mmoja mmoja, mpaka wote wakawa wananitazama. Nikaweka sabuni chini nikafungua skafu.

"Ni mimi," nikasema. "Mgonjwa ni mimi."

Baba Neema aliniangalia shingo. Nikameza mate, na najua alikiona kikipanda na kushuka. Akaiweka ile sukari kwenye benchi polepole, kama mayai.

"Tangu lini?"

"Tangu vile vitenge."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Wale waliokuwa wakilia walikuwa bado wana kwikwi, mwenye kuni amezishika hajui azirudishe au azitue. Mama Tumaini akanijia mpaka karibu kabisa, nikadhani atanipiga, na ningekubali. Akasema, "Umeniulia mwanangu. Dakika tano nzima, Mama Neema, umeniulia mwanangu." Akaingia ndani akafunga mlango.

Watu wakaondoka wawili wawili. Mimi sikuweza kuondoka, na sikuweza kugonga mlango, basi nikapiga magoti nikaanza kuokota maharage, moja moja, nayatoa vumbi kwenye kitenge nayarudisha kwenye ungo. Nikaona mkono mwingine unaokota pembeni yangu. Ni wa Baba Neema. Tuliokota mpaka yakaisha, na yalikuwa mengi. Tulipokuwa tunanyanyuka ndipo akasema, "Kesho naomba ruhusa kazini. Mbeya hutaenda tena peke yako." Njiani alinishika mkono, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya barabarani hata tulipokuwa wachumba, na nililia njia nzima, watu wakituona.

Kesho yake asubuhi, hodi. Mama Tumaini, na mzigo kichwani. Akanisalimia, "Kamwene," bila kutabasamu, nikaitikia, akashusha mchele, sabuni na sukari mlangoni kwangu.

"Shika vitu vyako, mgonjwa. Sukari nimebakiza kilo moja, ya mshtuko wangu."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. "Utaniomba ukipona. Sasa hivi sikusamehe, usijisumbue. Lakini mkienda Mbeya msilale gesti. Tumaini ana chumba cha uani, nimeshampigia. Mtalala na kelele za kichanga, ndiyo adhabu yako." Akaondoka.

Majibu yalipotoka, na hili ndilo ambalo hakuna aliyenitayarishia, hayakusema ndiyo wala hayakusema hapana. Daktari alisema chembe zenyewe hazisomeki vizuri, ni lazima waitoe nusu nzima ya hiyo tezi ya shingo, ipelekwe tena maabara, ndipo ijulikane. Wakaitoa. Ninavyowasimulia hapa nina mshono shingoni na nasubiri upya, wiki tatu zile zile. Naogopa vile vile, nisiwadanganye. Asubuhi bado naiangalia ile futi. Ila sasa Baba Neema ameificha (ipo juu ya kabati, naijua, sijaigusa), na simu ikiita tunaangaliana kwanza ndipo napokea.

Nimeapa jambo moja tu, na ninyi mnisikie mje kunisuta nikilivunja: sitamuombea tena mtu asiye na jina. Mungu anajua anayetajwa, sawa, lakini jirani hajui, na anayekuja na sukari ni jirani.

Jumamosi iliyopita tulisali nyumbani kwa Mzee Mgaya. Zamu ya nia ilipokaribia kwangu nikaona watu wanajiweka sawa kwenye viti, mmoja akakohoa, na Mama Tumaini, aliyekaa mlangoni na skafu yake, akawa ananitazama moja kwa moja. Sikuangalia chini. Nikasema, "Namuombea Skolastika, mke wa Baba Neema, fundi wa hapa mtaani. Anasubiri majibu, na anaogopa."

Mama Tumaini ndiye aliyeitikia wa kwanza.