Bimkubwa na Theluji Isiyopigwa Pasi

Hebu mfikirie anavyoingia. Ni Jumanne ya Januari, saa saba mchana, treni ya Green Line imemshusha karibu na hospitali anayofanyia kazi huko ughaibuni, katika mji wa Saint Paul, na Bimkubwa anausukuma mlango wa chumba cha mapumziko kwa bega kwa sababu mikono haina nafasi. Mkono mmoja una mkoba wa chakula. Mwingine umekumbatia mfuko mrefu wenye ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na shingoni zinaning'inia buti mbili nzito alizozifunga pamoja. Pindo la buibui limeshika theluji. Anamwamkia kila aliyemo, kisha anauegemeza ule mfuko ukutani taratibu, maana ndani yake mna kitu anachokipenda.

Ana miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Hospitalini kazi yake ni nguo: mashuka, foronya, magauni ya wagonjwa. Miaka kumi na mmoja anasimama mbele ya ile mashine kubwa ya kupiga pasi, shuka linaingia limekunjamana upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka.

Kwenye ski aliingia kwa bahati tu. Binti yake Nasima alijiunga na klabu ya ski shuleni, na mzazi mmoja alitakiwa aandamane na watoto. Bimkubwa akakaa wiki tatu kwenye mkahawa wa pale kilimani wanapotelezea, akinywa chai isiyo na ladha na kuangalia wenzake wakishuka. Wiki ya nne akakodi ski. Nasima aliuacha mchezo mwaka uliofuata akaenda kwenye mpira wa kikapu. Mama yake hajaacha mpaka leo, na huu ni mwaka wa sita. Suruali ya theluji, sketi ndefu juu yake, mtandio chini ya kofia ngumu. Wafanyakazi wa kile kilima wanamjua kwa jina.

Lakini kilima chenyewe ni kifupi. Ukihesabu mpaka arobaini umeshafika chini. Halafu theluji yake hupitiwa na mashine kila siku, inasawazishwa, inakandamizwa, na Bimkubwa husema hiyo ni theluji iliyopigwa pasi, na yeye pasi anaiona ya kutosha kazini. Anayoitaka ni ile ya milima mirefu ya magharibi, nje ya njia zilizotengenezwa, inayobaki ilivyoanguka. Huko huendi kichwa kichwa. Sharti ufundishwe kwanza, kwa sababu theluji ya huko huweza kuporomoka ikamfunika mtu.

Basi tangu Novemba alikuwa akichagua kozi, jioni baada ya jioni, kikombe cha chai pembeni. Ya kwanza iliandika wazi: njoo na mwenzako. Mwenzake nani? Shoga zake wote wanaiona theluji ni kitu cha kuondoa mlangoni kwa sepetu. Ya pili ilipokea mtu aliyekuja peke yake, ila picha zake zote zilikuwa za watu walioshika glasi za mvinyo, akaipita. Ya tatu ndiyo iliyomkaa moyoni. Siku nne, watu sita, nyumba yenye chumba cha wanawake na jiko ambalo kila mtu anapika chake. Na waliokuja peke yao, mwalimu huwapanga wawili wawili asubuhi ya kwanza. Mwalimu aliitwa Alice. Bimkubwa akajaza fomu, akaomba likizo, akangoja.

Jibu lilimkuta siku hiyo ya Jumanne, kabla hajavua koti. Alilisoma, akakaa, akalisoma tena.

"Kuna nini?" Huyo ni Ernestine, mwenzake wa zamu, mama wa Bukavu asiyeacha Kifaransa chake, ambaye meza yake ya kukunjia mashuka iko karibu na mashine ya Bimkubwa.

"Wamenikataa."

"Wamekukataa wewe? Leta nione." Ernestine akachukua simu, akaisoma midomo ikicheza. Barua ilikuwa ya adabu. Ilisema kwamba kwa maelezo aliyoyatoa, kozi ile ingemzidi nguvu. Ingekuwa heri aanze na masomo ya wanaojifunza. Nafasi yake angepewa anayefuata kesho saa sita mchana. "Mais, lakini dada, uliwaambia nini hawa watu?"

"Waliuliza kiwango changu."

"Ukaandika?"

Bimkubwa akaangalia buti zake. "Niliandika najua kidogo tu, bado najifunza, watanisamehe na wanivumilie."

Ernestine alicheka mpaka akashika meza. "Kidogo! Mimi nilikuja pale kilimani na watoto wangu, nikakuona kwa macho yangu. Unashuka ile njia ya juu kabisa, watu wanasimama kuangalia. Nikauliza, yule ni nani, wakaniambia ni yule mama wa sketi. Kidogo, vraiment, kweli?"

"Ningesema nini sasa? Mimi hodari? Mtu mzima mimi, nikae nijisifu kwa watu nisiowajua?"

"Wewe ukienda kuomba kazi ya upishi, utasema unajua kuchemsha maji."

"Ndivyo nitakavyosema," akajibu Bimkubwa, "na wa kwetu wataelewa."

"Sawa. Huyu Alice ni wa kwenu?"

Zamu ilikuwa bado nusu saa. Ernestine akaisukuma simu juu ya meza mpaka ikamgusa vidole. Bimkubwa akapiga.

Waliongea Kiingereza, lakini maneno yalikuwa haya. Alice alimuuliza tena kiwango chake, naye Bimkubwa akafungua mdomo, na lile neno kidogo likawa la kwanza kutoka. Ernestine akafumba macho. Lakini Alice alikuwa mtu wa subira. Akaacha kuuliza kiwango, akauliza mambo. Msimu uliopita uliteleza siku ngapi? Thelathini na nane. Njia zipi? Zote za pale. Ile ya juu kabisa? Ndiyo, ndiyo anayoanzia asubuhi. Amewahi kuteleza kwenye theluji ambayo mashine haijapita? Kila ikianguka nyingi usiku, hufika kabla ya mashine na kushuka kando ya miti.

Alice akauliza: "Sasa mbona uliandika vile?"

"Kwetu mtu hajisemi," akasema Bimkubwa. "Ukiulizwa kama unajua kupika pilau unajibu unajaribujaribu, hata kama harusi nzima inasubiri sufuria lako. Anayekuuliza anajua kuongeza mwenyewe."

"Nimekuelewa, na ni desturi nzuri. Lakini mimi nitakupa mwenzako ambaye hajawahi kukuona. Theluji ikimfunika, wewe ndiye utakayemtafuta kwa chombo kinachonasa ishara ya aliyefukiwa, umchimbue. Yeye hajui kuongeza. Ukimwambia kidogo, ataamini ni kidogo, atakwenda siku nne na hofu. Sikuombi sifa, mama. Nakuomba kipimo. Hebu niambie mara moja, nikusikie."

Bimkubwa aligeukia ukutani, kana kwamba Ernestine hapaswi kushuhudia. "Najua kuteleza," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Akarudia. "Najua vizuri."

"Na usilolijua?"

Hilo lilitoka bila taabu. "Sijui kumtafuta mtu chini ya theluji. Wala sijui kuutazama mlima nikajua upande gani utaporomoka."

"Hayo ndiyo ya kozi yangu," akasema Alice. "Nafasi ni yako."

Mchana ule mashuka yalipita mashineni, na kila mara Ernestine akipokea moja alisema, "Dada, hili limenyooka?" naye Bimkubwa akajibu, "Kidogo tu," wakacheka.

Ilibaki kuaga. Kwao hakuna safari isiyoagwa, na wa kuagwa ni kaka yake mkubwa, Abdulbasit, aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Jumapili Bimkubwa akaenda kwake Golden Valley, si mbali na Saint Paul. Wifi yake Faiza akaleta kahawa na kaimati. Abdulbasit alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkata.

"Peke yako," akasema.

"Tutakuwa watu sita, kaka. Na mwalimu."

"Nimesikia. Sikuzuii, Bimkubwa, wewe si mtoto. Radhi yangu unayo ukitaka. Lakini mimi sijawahi kukuona ukicheza mchezo huo, na huo mlima unafukia watu. Nikilala siku nne hizo, nilale nikijua nini?" Akaweka kikombe chini. "Niambie wewe mwenyewe. Unaujua?"

Faiza alisimama na sahani mkononi. Mbele ya kaka huyu Bimkubwa hajawahi kuisifu hata pilau yake, na wote watatu wanajua hivyo. Akisema kidogo, kama alivyolelewa, kaka hatapata usingizi. Akisema kile alichomwambia Alice, litakuwa neno lisilowahi kutoka kinywani mwake ndani ya nyumba hiyo.

Akashusha pumzi, akauvuta mtandio mbele kidogo, akamtazama usoni. Nikuulize wewe uliyelelewa kwa adabu hizo hizo: ungekuwa umeketi pale kwenye kochi, ungemjibu vipi?