Njia ya Bibi Kwenda Misioni

Mama alifariki muda mfupi baada ya vita ile kubwa kwisha. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na watoto vilevile. Matanga yalipokwisha, mjomba alimwambia baba, "Shemeji, vuna mihogo yako, kisha urudi kwenu." Mimi ningebaki. Niliogopa, lakini nilikuwa msichana wa aibu, sikuthubutu kumwuliza baba ataondoka lini.

Hakuondoka. Bibi, mama yake mama, alikuwa haoni, na misioni ilikuwa mwendo wa saa mbili kuteremka. Kila Jumapili, hata akiwa na homa, baba alimwongoza. Katekista alipomsifu, alijibu tu kwamba bibi haoni njia.

Kwa mila yetu, mtu na mama mkwe wake hawagusani, wala hawasemezani ana kwa ana. Kwa hiyo baba alishika ncha moja ya fimbo ndefu, bibi akashika nyingine, nami nikapeleka maneno.

"Mwambie bibi yako kuna jiwe."

"Mwambie baba yako jiwe hilo nalijua tangu yeye hajaota meno."

Nilisema polepole, ingawa kila mmoja alikuwa amekwisha kumsikia mwenziwe. Kila mavuno mjomba aliuliza, baba akajibu, "Bado kidogo."

Pasaka ya mwaka wa tatu masika yalikuwa makali. Tulipofika kijitoni, maji yalikuwa mekundu, yamefika kiunoni. Waliotangulia walisimama ng'ambo wakitutazama, mjomba akiwa kati yao.

"Mwambie bibi yako turudi."

"Mwambie sirudi. Bwana amefufuka, mimi nishinde nyumbani na kuku?"

Baba akaweka fimbo chini, akachuchumaa mbele yake. Hakunitazama mimi. "Mama," alisema, "panda mgongoni."

 Bibi akapapasa mabega ya baba. "Ukiteleza, mkwe wangu, misa tutaisikilizia mto Ruvu."

Nilifuata nimeng'ang'ania shati la baba. Ng'ambo wanawake waligeuza nyuso.

"Shemeji," mjomba alisema, "umembeba mama yangu."

"Nimembeba." Baba hakujitetea. Nikajua sasa mjomba amepata sababu ya kumfukuza.

Bibi alikuwa bado mgongoni. "Na wewe niliyekubeba mimi," alimwambia mwanawe, "ulikuwa unangoja maji yapungue?"

Mjomba akageuka, akashika njia ya misioni. Baada ya misa alirudi peke yake.

Wiki iliyofuata alikuja na panga, akakata vijiti vinne, akavichomeka kwenye pembe za kipande cha shamba mteremkoni. "Hapa ni pako," alimwambia baba, akaenda zake.

Baba akaanza kupanda maharage. Niliinama nyuma yake nikifukia, nikitafuta maneno, mpaka jua likawa kali.

"Baba, utayavuna wewe?"

"Sasa nani mwingine?" alisema, akanisogezea kikapu cha mbegu.