Ruta Iliyoombewa

Mama Pasi alipewa jina hilo na wateja wa dobi, likamganda mpaka nyumbani. Miaka ishirini na miwili amesimama kwenye meza ile ile ya kunyooshea, chumba cha nyuma, mvuke ukimpanda usoni, mashati ya watu yakipita mkononi mwake kwa utaratibu usiobadilika: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Ana tabia moja inayowachekesha wenzake kazini. Kitu chochote chenye joto hukipima kwa ncha ya kidole aliyokwisha kuilamba. Kwa hiyo siku ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilipoletwa nyumbani kwake, akalamba kidole, akaigusa mgongoni, akatikisa kichwa.

"Hii ina homa," akamwambia mwanawe.

Mwanawe akacheka hadi akakaa chini. Huyo ndiye kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na sita anayeuza vipuri vya magari, na mtaa mzima humwita Profesa kwa kuwa simu ya mtu ikigoma hupelekwa kwake. Akamweleza mama yake kwamba ruta ikiwa kazini huwa na vuguvugu, si ugonjwa. Mama Pasi akakubali, ila Profesa alipogeuka, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kile cha redio, vumbi lisiingie. Kesho yake Profesa akakiondoa. Keshokutwa kilikuwa kimerudi.

Tusimcheke. Kwake yeye ruta ile ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumwonyesha Mzee.

Mzee ana miaka sita. Ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa, na kwa kuwa amerithi jina la babu yake, wamemwita Mzee tangu yuko kwenye nepi. Mama yake alipata kazi nchi nyingine mtoto akiwa na miezi kumi na moja, akamwacha kwa bibi. Miaka mitano Mama Pasi akamlea: akamwogesha, akamfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati, akalala naye kitanda kimoja. Mtoto akamwita bibi yake Mama, na mama yake mzazi akamwita Anti wa Kwenye Simu. Walikuwa wanacheka wote, hata binti mwenyewe, ingawa Mama Pasi aliona kicheko cha binti yake kinakatika kabla ya wengine.

Mwaka jana binti akaja kumchukua mwanawe. Mama Pasi hakubisha. Mtoto ni wake, alisema, mimi nilikuwa nimeshikishwa tu na Mungu. Akamfungia nguo zake, zote amezipiga pasi, hata soksi. Binti alitaka mtoto aambiwe kwamba anakwenda matembezi na atarudi. Hapo ndipo Mama Pasi alipokataa. Akamkalisha Mzee kitandani, akamwambia kweli yote: unakwenda kuishi na mama yako, huko ndiko kwenu, utalia kidogo, na mimi nitalia kidogo. Kisha akamwomba binti yake jambo moja, kumwona mtoto usoni kila jioni. Binti akaitikia. Akamnunulia Mzee tableti ya masomo, akaweka picha ya bibi; mtoto akiigusa, simu ya bibi inaita.

Shida ilikuwa nyumba. Imejibana bondeni, nyuma ya ukuta wa ghala, na simu za mkononi hazishiki vizuri. Mwezi wa kwanza Mama Pasi alikuwa anapanda hadi kona, anasimama na bando lake mbele ya watu wanaopita, anaongea na mjukuu huku anakwepa baiskeli. Profesa akamwonea huruma. Akasema ataleta waifai ya waya, mama akae kwenye kiti chake kama watu. Na kweli akaileta. Siku tatu za kwanza ilikuwa raha tupu. Mzee akaonyesha pengo la jino. Mzee akaimba. Mzee akaisahau tableti mezani, na Mama Pasi akakaa robo saa nzima anaangalia dari ya nyumba asiyoijua, ameridhika.

Siku ya nne, Jumapili, Profesa akamwambia, "Nipe simu yako, Mama, niiweke sawa." Akampa, akaenda jikoni kumkaangia mayai. Tangu siku ile simu yake haikushika tena waifai.

Miezi saba. Profesa alisema ukuta ni mnene, ruta ikahamishiwa dirishani. Akasema kabati la bati linazuia, kabati likasogezwa, wakavunja mguu wake mmoja. Akasema simu imezeeka, haielewani na mitambo ya siku hizi, na bando akiweka italimeza kabla hajasema haloo. Mama Pasi akajaribu mara mbili kule kona, na ni kweli, simu iliyokaa muda mrefu bila mtandao ilianza kujipakulia mambo yake, bando likaisha huku anaitazama. Akaacha. Profesa alipompigia dada yake kwa simu yake mwenyewe, dada akasema mtoto amelala, mtoto anaoga, mtoto ana kazi za shule.

Kila wiki Mama Pasi alimwomba mwanawe ajaribu tena, na kila wiki Profesa alipiga magoti, akachomoa waya wa umeme, akasema, "Tuhesabu thelathini ndipo tuichomeke." Mama Pasi hakuwa mtu wa kuhesabu bure. Alikuwa na sala yake fupi, nayo iliishia palepale kwenye thelathini kama imekatwa kwa mkasi. Akaweka kiganja juu ya ruta, akafumba macho, akamwomba Mungu afungue njia, amwone mtoto. Akimaliza, Profesa alisema, "Amina." Kisha alichomeka. Taa zikawaka zote. Simu ya mama, hola.

Ndipo siku moja mafundi wa ujenzi waliokuwa wakichimba kando ya ghala wakakata waya wa intaneti. Profesa alikuwa safarini kikazi, arudi jioni. Kampuni ikamtuma fundi, mwanamke wa miaka kama arobaini, ovaroli ya bluu, ngazi begani, mdomo haupumziki. Akaunga waya, akaingia ndani, akakuta ruta imevaa kitambaa.

"Hii nayo inaolewa lini, mama?" akauliza. "Maana naona shela."

Mama Pasi akacheka mpaka akajifuta machozi. Fundi akaivua kitambaa, akaipandisha juu ya rafu, akajaribu mtandao kwa simu yake, ukaenda kama maji. Alipoanza kufunga begi lake, Mama Pasi akajikaza, akaitoa simu mfukoni mwa aproni. Akasema anajua ni ya zamani na hataki kumpotezea muda, lakini kama angeweza kuitazama tu.

Fundi akaigeuzageuza. "Ya zamani nani kakwambia? Mimi ya kwangu ni dada yake mkubwa."

Akaiunganisha. Ikakataa. Akakunja uso, akafungua kompyuta yake ndogo, akaingia kwenye kurasa za ndani za ruta kwa ufunguo wa kampuni. Mama Pasi akasimama nyuma yake. Fundi akateremsha ukurasa, teremsha, teremsha, akasita. Mdomo ule usiopumzika ukapumzika.

"Mama, hapa pana orodha ya vilivyozuiwa. Kimo kimoja tu."

"Kipi?"

"Simu yako. Imeandikwa 'Simu ya Mama'. Na tarehe ipo."

Akaisoma tarehe. Mama Pasi hakuhitaji kalenda. Ilikuwa ile Jumapili ya mayai.

Akauliza kama mashine inaweza kujifanyia hivyo yenyewe, kwa joto labda. Alitamani sana jibu liwe ndiyo. Fundi akamwangalia, akaangalia pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba haijiandikii, mtu huingia kwa neno la siri, akachagua simu, akaipa jina, akathibitisha. Nani mwingine analijua neno la siri? Mama Pasi akasema, ni mwanangu. Fundi akasema huenda aligusa pabaya. Mama Pasi akasema huenda. Wote wawili walijua kwamba mtu hagusi pabaya akaandika na jina.

"Niifungue?"

"Fungua."

Simu ikatetemeka mkononi, ikatetemeka tena. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni, ngazi begani, na hakutania tena. Mama Pasi akakaa kwenye kiti chake, akasikiliza ujumbe mmoja baada ya mwingine. Sauti ni ya Mzee. Bibi, mbona hupokei. Bibi, nimepata jino jipya. Na wa mwisho, wa wiki iliyopita: "Bibi, Mama amesema simu yako ni mbovu. Ikipona nipigie."

Zamani angesema Mama. Sasa alisema Bibi, na Mama alikuwa mwingine. Mama Pasi akasema moyoni kwamba ndivyo inavyotakiwa, akausikiliza tena. Akajibu kwa maneno mawili tu: "Imepona, Mzee." Kisha akatandika meza ya nyumbani ya kunyooshea, akamsubiri mwanawe.

Profesa aliingia saa kumi na moja jioni, amechoka, na mkate kwapani. Mama Pasi akampa chai. Akamwambia waya umeungwa, lakini simu yake bado. Je, angemjaribia?

Alimpa nafasi, tena nafasi pana. Alimwangalia usoni kama anavyoangalia shati jeupe dirishani, akitafuta doa kabla halijaiva kwa joto, maana likishaiva halitoki. Mwanangu, sema sasa.

Profesa akaweka kikombe chini. Akapiga magoti. Akachomoa waya. "Tuhesabu thelathini, Mama."

Mama Pasi akaweka kiganja juu ya ruta, akafumba macho, akaomba sala yake yote, polepole, asiruke neno.

"Amina," akasema Profesa. Akachomeka, akasubiri taa, akaichukua simu ya mama bila hata kuiwasha. "Bado. Nilikwambia, Mama, hii imezeeka."

Mama Pasi akanyoosha mkono, akaichukua, akagusa kioo. Sauti ya Mzee ikajaza chumba: Ikipona nipigie.

Profesa hakuinuka pale sakafuni. Alipoanza kusema, aliiambia ruta, si mama yake. Dada alimpigia analia, alisema. Mtoto hali mpaka amwone bibi, akishamwona analia hadi asubuhi, na yeye mama mzazi anaitwa Anti mbele ya walimu. Alimsihi miezi michache tu, mpaka mtoto azoee. Tableti haikuweza kufungwa kule, kwa sababu Mzee angejua ni nani kafunga.

"Kwa hiyo afungwe nani?" akauliza Mama Pasi.

Profesa akanyoosha waya wa ruta uliokuwa umenyooka tayari.

"Mngeniambia."

"Usingekubali, Mama."

"Siku ya kwanza nisingekubali. Ya pili ningekubali. Ni mimi niliyempigia pasi soksi zake akaondoka." Sauti yake haikupanda. "Mmenizunguka, wewe na dada yako, watoto wa tumbo moja. Hilo nitalibeba, nimebeba mengi. Lakini hapa nilikuwa naomba, Profesa. Nilikuwa namwomba Mungu akifungue ulichokifunga wewe, na wewe uko hapa hapa umepiga magoti. Ukaitikia amina."

"Nilikuwa naitikia tu, Mama."

"Kila wiki. Na leo pia."

Akafuta macho kwa ncha ya aproni, mara moja, kama anayefuta jasho. Akasema kesho atampigia binti yake na watapanga siku. Akisema iwe Jumapili tu, itakuwa Jumapili tu. Akisema isiwepo kabisa kwa mwaka mzima, atakubali pia, ila aliseme kwa kinywa chake mwenyewe, simu ikiwa wazi. Profesa akafungua mdomo, na hapo simu ikaita. Kwenye kioo ilionekana ni tableti ya Mzee inayopiga.

Uso wa Mzee ukatokea, umekua, na jino jipya limekaa upande. "Bibi! Imepona?"

"Imepona, Mzee wangu."

"Ilikuwa inaumwa nini?"

Mama Pasi akamwangalia mwanawe. Profesa alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho yanaomba. Ilikuwa rahisi sana. Betri, Mzee. Uzee, Mzee. Neno moja lingetosha na mtoto angerudi kwenye jino lake. Lakini hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata siku ile aliyoambiwa amdanganye kwa faida yake.

"Mimi mambo ya mitambo sijui kuyaeleza," akasema. "Mjomba wako yuko hapa. Yeye anajua yote, muulize."

Akaiweka simu kwenye kiganja cha Profesa, akamkunjia vidole juu yake kama anayempa mtoto kitu cha thamani akipeleke bila kukidondosha. Kisha akageukia meza yake. Lilikuwapo shati la Profesa la kesho. Akalamba kidole, akagusa pasi, ikalia tss.

Nyuma yake akasikia sauti ndogo ikiuliza, "Mjomba, unanisikia? Au mtandao umekatika?"

Taa za ruta zilikuwa zinawaka zote. Mama Pasi akatandaza shati, akaanza na kola.