Nyumba Yangu Ilikuwa na Magurudumu

Wanaosema lile lilikuwa gari tu hawajawahi kulala ndani yake mvua ikinyesha.

Marehemu mume wangu alilinunua lile lori la Kenta likiwa limechoka, akalifunga bodi la mbao, akaliezeka mabati, kisha akakata dirisha ubavuni kwa msumeno wake mwenyewe. Ndani alitengeneza kitanda cha bawaba. Mchana tulikiinua ukutani ili marobota ya mitumba yapate nafasi, jioni tukakishusha. Tuliishi hivyo tukifuata minada, mara Nyamongo, mara Sirari, halafu tunateremka Kisaka kwenye boma la kwao kusalimia. Barabarani humo ndimo alimonifundisha kuendesha. Alipofariki, watu walidhani sasa nitashuka. Sikushuka.

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila nilipofika Kisaka alianza upya.

"Shemeji, mwanamke mwenye heshima ana nyumba bomani. Nyumba gani hiyo ya kuwekewa dizeli?"

"Yako haiwekewi," nilimjibu siku moja, "ndiyo maana haijafika popote."

Alininunia mpaka mavuno. Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu, na nadhani ni siku ile alipoamua kwamba safari itakayofuata anapanda naye. Alitaka kwenda kumwona binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Isebania. Nikampandisha kabini na kijifurushi chake na kibuyu chake cha maziwa, ambacho alikipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Tulilala Nyamongo, maana kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Mama alitaka kufukiza kibuyu kabla ya kutia maziwa mapya, kama alivyofanya tangu akiwa msichana: unachoma kijiti cha mti unaofaa, unakitumbukiza ndani ya kibuyu kingali na moto, unasugua na kutikisa, kisha unamwaga majivu. Maziwa yasiyo na harufu ya moshi ule, kwake, ni maji meupe. Kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, akakaa mlangoni mwa bodi, miguu ikining'inia, akafukizia hapo. Mimi nilikwenda kwa mama lishe wa jirani kuagiza chai. Baadaye naye akaja, kibuyu mkononi.

Tukiwa tunakunywa niliona moshi kwenye dirisha langu. Niliutazama vizuri kabisa, nikapuliza chai yangu. Mtu yeyote aliyekulia kwetu angefanya hivyo. Moshi wa kibuyu haumshtui mtu. Ni harufu ya asubuhi, ya mama, ya kushiba. Nilikuwa hata nafurahi kwamba bado umekaa ndani.

Kumbe kipande cha kaa la moto kilikuwa kimeangukia kwenye marobota.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyepiga kelele. Hapo moto ulikuwa umeshashika godoro. Watu wa Nyamongo wasemwe wanavyosemwa, mimi siku ile niliwaona. Wachimbaji walikuja na sepetu zao wakatupa mchanga, akina mama wakamwaga maji ya kuoshea vyombo, mmoja akawa anapaza sauti, "Mura, wewe kijana, kata betri! Kata betri!" Wakaiokoa injini, wakaiokoa kabini. Bodi halikuokoka. Niliona dirisha alilolikata mume wangu likining'inia kwa bawaba moja, kisha likaanguka. Nililia kama siku ya msiba wake, kwa sauti, mbele ya mnada mzima, wala sikujifunika uso.

Mama mkwe hakulia. Aliketi chini akitazama kibuyu chake. Alipokiinua akipigize kwenye jiwe, nilimshika mkono.

"Niache, mwanangu. Kimekuchomea nyumba."

"Moto umeniachia nini kingine, mama? Kivunje, halafu tubaki na nini?"

Nikamnyang'anya. Nikamwendea mwenye ng'ombe aliyekuwa karibu, nikaomba maziwa, nikayatia humo na kuyanywa palepale, machozi na masizi usoni. Yalikuwa matamu. Mama naye akanywa.

Tulirudi Kisaka na kabini na chesi tupu, mifupa mitupu ya gari, mabati yaliyokunjamana yakigonga nyuma njia nzima. Shemeji alitupokea kwa pole nyingi mno. Alisema Mungu amesema. Alisema hata marehemu amesema. Nilimwambia kwamba mume wangu angekuwa na neno, angeniambia mimi, tulikuwa tukilala kitanda kimoja.

Lakini niliogopa. Usiku niliingia kulala kwa mama, kwenye kuta za udongo zisizokwenda kokote, nikajiona nikizeekea hapo, nikiomba ruhusa ya kwenda mnadani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bodi.

Siku chache baadaye shemeji akawaita watu wa boma. Miti ilikuwa imeshakatwa, mbao zimepangwa, misumari na mabati mapya yamewekwa chini ya ukuta wa zizi. Alikuwa tayari amenipimia kiwanja cha nyumba kwa kamba, jirani na choo chake.

Mama mkwe akasimama, kibuyu mkononi. "Nyumba ya huyu nimeiunguza mimi," alisema. "Msimsingizie Mungu, wala mwanangu. Sasa niambieni. Nyumba ya mwanamke wa boma hili ikiungua, nani hujenga?"

"Sisi sote, mama," shemeji akajibu, akifurahi. "Ndiyo maana tumekusanyika."

"Na hujengwa wapi?"

"Pale pale ilipoungulia, mama. Hatumhamishi mtu kwenye kiwanja chake."

"Basi," mama akasema, akainua fimbo yake kuelekea kwenye Kenta, "kiwanja chake ni kile."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Shemeji alitazama chesi, akatazama kamba yake, akatazama wazee, na wazee wakawa wanatazama mbao. Alikuwa ametamka mwenyewe, mbele ya watu. Kisha mmoja wa wazee akakohoa, akasema mbao zile kwa kweli zinafaa zaidi bodi kuliko ukuta.

Wakajenga. Si bodi la mume wangu, halitakuwa, na dirisha nililikata mimi, limekaa upande. Shemeji alinuna tangu ubao wa kwanza, lakini alipigilia misumari imara, sitamdhulumu. Jioni alishuka, nyundo begani, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu tu, "Mlango uelekee wapi?"

"Nyuma, shemeji," nikamjibu. "Mbele nakaa mimi."