Nilimsikia Mkwe Wangu Ndani ya Stoo

Hakuna kitu kilichoweza kunishangaza mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, kwenye pombe, nje ya kanisa baada ya ibada, hata msibani. Niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba kakao za watu kwa baiskeli kutoka vijijini. Nimedhulumiwa na wanunuzi, mafuriko yamenizolea mpunga wa shamba zima, nimelala mpakani juu ya magunia huku mvua inaninyeshea. Na bado leo nina nyumba ya bati la rangi hapa karibu na Ipinda, nina stoo yangu ya kakao, na nilikuwa na pikapu. Nikawa nawauliza watu, mtanitisha na nini tena?

Basi sikiliza kilichonipata. Kosa ni langu, simsingizii mtu, na mdudu mwenyewe simlaumu sana.

Majina nabadilisha. Mwanangu nimwite Gwamaka, mke wake nimwite Tumpe. Walikuwa wanaishi nyumba ya nyuma, uwanja mmoja na sisi, wana mtoto wa kwanza, mchanga bado, wa kubebwa mgongoni.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakai alipo baba mkwe. Hakuangalii usoni, hasemi na wewe, mkikaribia kukutana njiani anakwepa. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakula meza moja na wakwe zao, wanapanda nao gari. Mimi sikulegeza. Nilijivunia hilo kuliko hata nyumba. Nilisema, pesa kila mtu anaweza kupata, lakini heshima kama ya kwangu mtaitafuta.

Siku hiyo Gwamaka alikuwa Njisi, mpakani, na mzigo wa mchele. Mke wangu alikwenda mashine kukoboa mpunga. Mimi nikarudi mapema kuliko kawaida na mgeni, mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alitaka kujua habari za kakao. Tukakaa barazani. Mlango wa stoo unafungukia hapo hapo barazani, hatua chache tu kutoka kiti changu.

Nikaona kandambili za Tumpe mlangoni pa stoo.

Nilijua yumo. Hili ndilo sijamwambia mtu hadi leo nilipoamua kuandika. Alikuwa ameingia kukunja magunia matupu, akasikia sauti yangu, akakwama. Hawezi kutoka bila kupita mbele yangu. Kilichotakiwa ni mimi kunyanyuka, kumwambia mgeni twende tukaone mikakao kule nyuma, yeye apite. Ndivyo mkwe mwenye akili anavyofanya. Hata anakohoa kidogo kabla hajaingia uwanjani, ili mwenzake ajue.

Mimi nilikaa. Nikamwonyesha mgeni zile kandambili.

"Unaziona hizo? Mke wa mwanangu yumo ndani. Hatoki mpaka mimi niondoke."

"Kwa nini, mzee? Umemfungia?"

"Nimfungie na nini? Mlango uko wazi. Heshima ndiyo inamfunga."

Mgeni akacheka, akatikisa kichwa. "Huko kwetu angeshatuletea chai."

"Ndiyo maana kwenu wakwe wanapigana," nikamjibu, na mimi nikacheka.

Nikaendelea kuongea. Nikamsimulia baiskeli, nikamsimulia mafuriko, nikamsimulia nilivyopata kiwanja. Katikati ya maneno yangu tukasikia kitu ndani ya stoo, kama mtu ameguna akajiziba mdomo. Mgeni akatazama mlango.

"Mzee, huyo ni yeye?"

"Panya," nikasema. "Kakao inaleta panya sana."

Baadaye kidogo mtoto akaanza kulia nyumba ya nyuma. Akalia, akalia. Mgeni akaanza kujisogeza kwenye kiti, anataka kuaga. Nikamwambia, "Kaa kwanza. Mtoto akilia anapata kifua imara." Nilitaka aone kwamba hata mtoto akilia mkwe wangu hatoki. Nilitaka akasimulie ofisini kwao.

Mungu wangu. Mama yule alikuwa mle ndani, ameshaumwa, anamsikia mwanawe analia, anamsikia na baba mkwe wake anacheka.

Mgeni alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi nikamkuta mke wangu amefika, ameshusha ndoo ya mchele, anatoka stoo mbio.

"Baba Gwamaka, Tumpe ameumwa na mdudu. Ni buibui, amemwona. Alikuwa kwenye mikunjo ya magunia, mweusi anang'aa. Mkono unamuuma mpaka kwapani, anatoka jasho kama kanyeshewa. Tumbo limekaza. Washa gari."

Sikiliza jibu langu. "Buibui? Kwa buibui mimi niwashe gari?"

"Washa gari, twende hospitali."

"Na yeye akae wapi?"

"Nyuma, na mimi. Nitamfunika khanga. Wewe endesha, usigeuke."

"Mimi nije kuwa dereva wa mkwe wangu? Watu wanione nampakia kama mpunga? Lete jiwe."

Hapo lazima nieleze. Nilikuwa na jiwe la nyoka, lile jeusi, nililinunua gulioni zamani. Wanalichoma wanavyojua wenyewe, wanasema ukichanja palipoumwa ukaliweka, linanasa, linanyonya sumu, likishiba linadondoka. Majirani walikuwa wakiumwa na nyoka wanakuja kwangu, na wawili watatu walipona. Nikajiona daktari. Sasa najua kuna nyoka hana sumu, na mwenye sumu naye anaweza kukuuma asikutie sumu. Wale wangepona hata kwa kuwekewa kipande cha mkaa.

Lakini jiwe mimi nilijua kuliweka kwa mkono wangu. Na huyu ni mkwe, siwezi kumshika wala kumtazama. Kwa hiyo nilisimama nje ya mlango wa stoo, nimegeuza mgongo, natoa amri, mke wangu anafanya ndani. Nilimpa wembe. Nilimpa na mpira wa ndani wa baiskeli, ule tunaofungia mizigo.

"Funga juu ya kiwiko. Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Sumu isipande."

Nikasikia Tumpe analia chini chini. Hakutaja jina langu, hakuniomba kitu. Angeniombaje na mdomo wake umefungwa kwangu tangu aolewe?

"Chanja sasa. Weka jiwe. Mpira usilegezwe mpaka jiwe lidondoke lenyewe."

Jua lilikuwa bado juu nikisema maneno hayo. Kabla jua halijazama mke wangu akaja. "Baba Gwamaka, Tumpe anasema mpira unamuuma kuliko mdudu. Vidole vimebadilika rangi."

"Ni sumu hiyo inapambana na jiwe."

"Njoo uangalie basi. Angalia mkono tu. Mimi nitamfunika uso."

Sikuangalia. Laiti ningeangalia! Mimi nimechinja ng'ombe, nimeona watu waliopondwa na mashine, ningeujua mkono unaokufa. Lakini nilitibu kitu nisichokiona, kwa maneno ya kupitia mlangoni, na mgonjwa haruhusiwi kunijibu.

Giza lilipoingia mke wangu akaniambia Tumpe ametulia, mkono haumuumi tena. Nikafurahi. Nikasema, "Si niliwaambia?" Kumbe umekufa ganzi. Nikaenda kulala.

Gwamaka alifika asubuhi. Simu yake ilikuwa imezima tangu jana yake, mke wangu alikuwa anahangaika nayo. Aliingia ndani kwa mke wake. Akatoka na ule mpira mkononi, ameukata kwa kisu, akaja akaniwekea mapajani. Akachukua ufunguo wa gari mezani bila kuniomba, akambeba mke wake, akampakia mbele, mama yake na mtoto nyuma. Nikabaki barazani nimeushika mpira.

Kyela mjini walimtazama wakamsafirisha moja kwa moja hospitali ya rufaa Mbeya. Huko walimkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Nilipofika daktari aliniita pembeni. Kijana mdogo, ananiita mzee kwa adabu. Nikadhani ataniambia sumu ilikuwa kali.

"Mzee, nani alifunga mkono?"

"Mimi. Yaani mke wangu, kwa maelekezo yangu."

"Buibui wa aina hiyo anauma vibaya sana, simdharau. Maumivu yanatambaa mwili mzima, misuli inakaza. Lakini mngemleta tungempa dawa ya maumivu, tungemwangalia kwa karibu, na mtu mzima mwenye afya kama huyu kwa kawaida anarudi nyumbani na mkono wake. Mkono haukuuawa na buibui, mzee. Ulikosa damu. Na hivi vidonda vya wembe vilishaingia uchafu."

Mimi ambaye hakuna kitu kinanishangaza nilikaa chini sakafuni pale pale, na shati langu jeupe.

Tumpe alikaa wodini muda mrefu kwa sababu ya vile vidonda. Walipotoka hawakurudi kwangu. Gwamaka amepanga chumba Talatala. Kabla ya kuhama alikuja kutoa magunia yote stoo, akayakung'uta juani moja moja, akamkuta yule buibui, tumbo mviringo kama punje ya maharage, na doa jekundu. Akamuua kwa kandambili. Kandambili ya mke wake. Zilikuwa bado pale mlangoni, hakuna aliyekuwa ameziondoa.

Akaniuliza swali moja. "Baba, hukuziona hizi siku ile?"

Nikasema sikuziona.

Nilimdanganya mwanangu, na naandika hapa kwa sababu kumwambia usoni nimeshindwa.

Majuzi niliwapelekea mchele. Niliukodia bodaboda, nikashuka mbali kidogo, nikakohoa kwa nguvu kama inavyotakiwa. Sasa najua kukohoa. Gwamaka hakuwepo. Tumpe alikuwa uani, peke yake, anajaribu kumfunga mtoto mgongoni. Ameinama, mtoto yuko juu ya mgongo, ncha moja ya mbeleko ameing'ata kwa meno, ncha nyingine anaizungusha kwa mkono wa kushoto. Ikamponyoka. Akaanza upya. Ikamponyoka tena, mtoto akateleza, akamdaka kwa shida.

Nilikuwa hatua chache tu, na mikono yangu miwili mizima. Alinisikia, akageuka ukutani, akanipa mgongo kama alivyofundishwa, akasubiri niondoke. Bado ananiheshimu. Nikauweka mchele chini nikaondoka. Ningefanya nini? Nimwendee nimguse, nimwongezee na hofu? Nimekuwa nikijiuliza hivyo usiku na mchana. Mke wangu anapika, ananiwekea, anaondoka. Anasema mkono wake ndio uliokaza ule mpira. Namwambia ni mdomo wangu.

Wewe unayesoma, hasa wewe mwenye stoo, mwenye banda la kuni, mwenye viatu vinavyolala nje. Kung'uta gunia kabla hujaliingizia mkono. Vaa kitu mkononi. Mtu akiumwa, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, mwache atulie, mkimbize hospitali. Usichanje. Usifunge. Jiwe lako litupe chooni, langu liko humo. Na kama kwenu mnashika mila ya wakwe kama mimi, ishike, siwakatazi. Lakini ukiona kandambili mlangoni, nyanyuka.

Gharama za hospitali, nauli za Mbeya, kulala na kula kwa waliomuuguza, mkono wa bandia ambao hauvai kwa sababu unamchubua, vyote vilinitaka pesa taslimu na msimu wa kakao ulikuwa bado. Nikauza pikapu. Siku ile ilikuwa imeegeshwa mbele ya stoo, tenki limejaa, nami nikaona aibu mkwe wangu kupanda. Ilipata milioni nane, laki tatu na elfu sitini, na zote zimeishia kwenye mkono wake.